Kadi ya thamostati iliyonipikia mayai, na muuzaji aliyeniambia nimlete shemeji

Wiki kadhaa zimepita na bado nikikumbuka nakasirika upya. Nyie mnaototolesha vifaranga kwa mashine za kujiundia nyumbani, someni kabla hamjashuka Kariakoo kununua kadi ya joto.

Mashine yangu ni friji bovu. Nilitoa kompresa, nikafunga balbu mbili za wati 60, zile za zamani za waya, feni ya kompyuta ya kuzungusha hewa, na kadi ya W1209, ile ndogo yenye tarakimu nyekundu na rilei (swichi inayowashwa na kuzimwa na kadi yenyewe) ya bluu mfano wa kete. Kazi yake ni moja tu: joto likifika 37.7 izime balbu, likishuka iwashe. Siku 21, usiku na mchana.

Safari hii niliweka mayai 42 ya kienyeji. Mama aliyakusanya Kilosa, akayafukia kwenye pumba ndani ya boksi na kunitumia kwa basi, halikupasuka hata moja. Siku ya kumi nikayapima kwa tochi: mishipa imetanda, mabovu matano tu. Siku ya 18 nikaacha kuyageuza, nikaongeza bakuli la maji, nikaenda kulala nina furaha.

Alfajiri nikagusa mlango wa friji, nikajua kabla sijaufungua. Kadi inasoma 44.1, na kile kitaa kidogo cha rilei kimezimika! Yaani kadi ilishajua joto limezidi, ilishaamuru balbu zizime, lakini balbu zinawaka tu. Nikachomoa waya ukutani. Nilivunja yai moja: kifaranga kamili, manyoya yameshaota, mdomo umeelekea kwenye chumba cha hewa. Nikavunja la pili. La tatu nilishindwa, nikayazika yote nyuma ya nyumba.

Rilei niliifungua kwa wembe. Vile vidoti viwili vinavyogusana ndani vilikuwa vimeyeyuka na kushikana. Nilipenyeza ncha ya sindano vikaachana, tik, vimebaki vyeusi na vya mashimomashimo.

Hapa lazima niwe mkweli. Balbu ya waya ikiwa baridi huvuta umeme mara kumi au hata zaidi ya ule inaoutumia ikishapata moto, na kila inapowashwa vidoti vile hupigwa shoti hiyo. Ukiwasha na kuzima kila baada ya dakika chache, wiki tatu mfululizo, rilei ndogo itachoka tu. Na kadi hiyohiyo ndiyo iliyonipa vifaranga 31 kati ya mayai 40 awamu iliyopita. Siwezi kuiita takataka. Ningeisifia kabisa, kama si yale ya dukani.

Nilirudi na kadi, rilei nimeifunga kwenye kipande cha gazeti. Sikwenda kudai mayai. Nilitaka kujua kama wana yenye rilei kubwa zaidi. Kijana hakulifungua hata gazeti, macho yako kwenye simu: "Dada, mwambie shemeji aje mwenyewe nimwelekeze. Hivi vitu ukiunganisha hovyo vinaungua."

Nikamwambia hakuna shemeji, fundi ni mimi.

Akacheka. Akamwangalia mtu aliyesimama nyuma yangu: "Karibu kaka, nikusaidie nini?" Kaka mwenyewe alikuwa anatafuta chaja ya simu.

Nimeanza kushika solda nikiwa kidato cha pili. Nusu ya redio za mtaani kwetu zimepita mezani kwangu. Nimesimama pale na ushahidi mkononi, nawaeleza kilichoharibika ndani ya kitu wanachouza, halafu natafutiwa mume! Hapana. Yale niliyosema kwamba kadi ni nzuri, kwa duka lile nayafuta. Mtu asiyetaka kujua bidhaa yake imekufaje atakuuzia nyingine ileile kesho, na wewe utazika mayai yako kama mimi.

Mtaa wa pili nikaingia kwa mzee mmoja, duka lake dogo, ukiingia wawili limejaa. Kabla hata ya bei akaniuliza, "Mwanangu, mzigo wako ni nini, balbu au hita?" Basi tu, machozi yakanilenga. Swali hilo moja, kama ningeulizwa siku ya kwanza, mayai 37 yangeanguliwa. Akaiweka rilei yangu chini ya taa, akaigeuza, akatikisa kichwa, akaniambia kadi ibaki kuendesha rilei kubwa ya pembeni, hiyo kubwa ndiyo ibebe balbu. Na niongeze kadi ya pili kama mlinzi, niipange 38.5, waya wa balbu upite kwanza kwake. Ya kwanza ikiganda, ya pili inakata.

Kadi alizoniuzia ni aina ileile. W1209. Kwa hiyo nirudi nilipoanzia: kadi inafaa, inunueni, ila isibebe balbu yenyewe na msiiache peke yake.

Mama ametuma trei nyingine, leo ni siku ya 12. Saa tisa usiku bado naamka, naweka kiganja mlangoni, kisha nachungulia kama kile kitaa na balbu vinakubaliana.