Kinachotisha: Ukimya au Zimwi la Kompyuta?

Kwenye mabanda ya video ya Mwanjelwa, Mbeya, kwenye filamu za kutisha zimwi la kompyuta, lile lililochorwa kwa mashine, ndilo linaloita watu. Ni haki yake. Spika zikiunguruma na ghorofa likiporomoka kwenye skrini, banda zima hupiga kelele, na mtafsiri huongeza chumvi yake juu. Filamu inayotisha kwa ukimya hufa mapema humo: nani atasikia mlango ukilia huku bodaboda zinapita nje?

Lakini itazame filamu hiyohiyo Uyole, hukohuko Mbeya, usiku wa baridi wa Julai, ukungu umeshuka, umejifunika blanketi na spika za masikioni. Hapo madoido ya kompyuta hayafui dafu. The Blair Witch Project (1999) haimwonyeshi mchawi hata mara moja. Vijiti vilivyofungwa na sauti za msituni vinatosha. Jaws (1975) ilifika hapohapo kwa bahati mbaya: papa wa mashine aliharibika mara kwa mara, mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha, na muziki wa John Williams ukashika nafasi yake.

Madoido pia huzeeka. Picha nyingi za kompyuta za miaka ya 1990 leo zinachekesha. (Jurassic Park ya 1993 imepona, nadhani kwa sababu ilichanganya kompyuta na dinosaria wa mashine waliojengwa kwa ukubwa halisi.) Giza la msituni halina tatizo hilo.

Kwa filamu za anga za juu nalegeza kidogo: chombo kikionekana kama maboksi, hofu haianzi. Kwa za kutisha sibishani; nachukua ukungu, banda nawaachia wapenda mapigano.