Jeli ya kuungia faiba: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Sindano hii ya jeli niliinunua kwa kukosa namna. Mashine ya kuchomelea faiba (nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga) iligoma kazi ikiwa katikati, nikabaki na viungo vya kubana kwa mkono ambavyo nilishavitumia mara kadhaa hadi jeli yake ya kiwandani ikaisha. Sikuwa na imani nayo. Kitu kinachofanana na mafuta ya nywele, ukipake kwenye uzi wa kioo wenye kipenyo cha mikrometa 125, eti mwanga upite vizuri zaidi?

Unapita kweli. Adui ni hewa. Ncha mbili za faiba hukutana lakini hubaki na upenyo mwembamba katikati, na mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani karibu 3.5% yake hugeuka na kurudi ulikotoka. Ukiingia ncha ya pili, hivyo hivyo. Hapo umeshapoteza kama desibeli 0.3 (desibeli ndiyo kipimo cha mwanga unaopotea), na bado hatujagusa makosa ya mkono wako. Jeli hupinda mwanga karibu sawa na kioo chenyewe (yangu imeandikwa 1.46, ndicho kipimo cha kupinda mwanga), kwa hiyo mwanga haukuti ukuta. Kiungo changu kikavu kilisoma desibeli 0.7. Nikakifungua, nikatia tone, nikabana tena: 0.2.

Kiungo cha nne ndicho kilichonitesa. Kwenye OTDR, kifaa kinachorusha mwanga ndani ya faiba na kuchora grafu ya unaorudi, mwiba ulisimama wima palepale kwenye kiungo, nikakata faiba upya mara mbili bila nafuu. Kumbe ni kiputo cha hewa. Niliposhika kiungo kwenye mwanga nikakiona kwa kioo cha kukuzia, kidogo na cha duara kama jicho la dagaa, kimekaa mbele ya kiini, yaani sehemu ya katikati ya faiba inayopitisha mwanga, ambacho upana wake ni mikrometa 9 tu. Nilikisababisha mwenyewe kwa kuchomoa na kuchomeka faiba kana kwamba nasafisha bunduki. Siku hizi nakamua tone la kwanza kwenye karatasi, la pili natia taratibu, na faiba ikishaingia siirudishi nyuma.

Wanaodhani jeli itafunika mkato mbaya watavunjika moyo. Ncha ikiwa imemeguka au imekatwa mshazari, jeli hupunguza mwanga unaorudi, lakini kiini kilichokosa mwenzake kitabaki kimekosa. Na tafadhali msipake kwenye konekta za kawaida zinazogusana uso kwa uso. Nilijaribu mara moja, vumbi likanasa humo. Kuisafisha ni kazi: ni silikoni, spirti peke yake huisambaza tu, lazima kwanza uifute kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi.

Matumizi niliyoyapenda kuliko yote hayamo hata kwenye karatasi ya maelekezo. Ukipima faiba ambayo mwisho wake uko wazi, chovya ncha kwenye tone la jeli. Mwiba wa mwisho hunywea, ukajua papo hapo kwamba faiba uliyoishika ndiyo unayoipima.

Joto nalo lina neno lake. Kioo hakibadiliki sana, jeli hubadilika, hivyo kiungo cha nje usikipime mchana ukadhani usiku wa baridi kitasoma vilevile. Viungo vya kudumu bado nachomelea.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya kifuniko cha sindano: hakikazi, na vumbi likishaingia kwenye jeli, sindano nzima ni ya kutupa.