Moonchild imenishinda: King Crimson na albamu isiyoruhusiwa kulaumiwa

Nimeudhika, na leo nasema. Ukigusa roki ya progresivu, ile roki ya nyimbo ndefu za majaribio, popote pale utaambiwa uanze na In the Court of the Crimson King, albamu ya mwaka 1969 ya bendi ya Uingereza King Crimson. Pete Townshend wa The Who aliimwagia sifa ilipotoka, na tangu hapo watu wanapokezana sifa zilezile. Sasa nauliza: hivi wote hawa wameusikiliza wimbo wake mmoja, Moonchild, mpaka mwisho?

Dakika mbili za mwanzo ni nzuri sana, sikatai. Mwimbaji Greg Lake anaimba taratibu, melotroni, aina ya kinanda, inapita nyuma yake, unajiweka sawa kitini. Halafu wimbo unakatika. Robert Fripp anadonoa noti moja ya gitaa. Kimya. Ian McDonald anagonga vaibrafoni, ala ya vipande vya chuma, mara mbili. Kimya tena. Michael Giles anagusa sahani ya ngoma, anaacha. Wanaendelea hivyo karibu dakika 10! Ni kama kuwasikiliza watu watatu wakitafuta funguo gizani, kila mmoja chumba chake.

Najua walikuwa wakipiga papo kwa papo. Jazi naisikiliza sana, na wapigaji jazi nao hufanya hivyo, lakini mmoja akianzisha jambo mwenzake hulidaka na kulipeleka mbele. Hapa hakuna anayedaka chochote.

Santuri yangu ni ya mitumba, na hapo ndipo hasira inapozidi. Kwenye wimbo wa kwanza, 21st Century Schizoid Man, mikwaruzo huisikii kabisa, saksafoni na gitaa vinaifunika yote. Kwenye Moonchild mikwaruzo ndiyo inayotawala: tik, tik, ting, tik. Kuna mahali niliinamia spika na bado sikuweza kutofautisha mkwaruzo na vaibrafoni. Na wameuweka mwanzo wa upande wa pili, kwa hiyo ukiutaka ule wimbo uliobeba jina la albamu, ama uvumilie, ama uinuke ukanyanyue sindano kwa mkono.

Siku moja nikapita kwa aliyeniuzia. Sikwenda kudai hela, nilitaka tuzungumze muziki tu, maana ni mtu mzima na amesikiliza mengi. Nikamsalimia vizuri, nikamwambia, mzee, huu upande wa pili umenisumbua. Akanitazama, akasema mbele ya wateja: "Kijana, huu si muziki wa kila mtu. Wewe rudi kwenye bongo fleva yako." Watu wakacheka. Bongo fleva imemkosea nini? Na tangu lini kuupenda muziki wa nyumbani kukamzuia mtu kusikia kwamba wimbo umesimama hauendi popote? Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake, lakini maneno yale bado yananichoma.

Jibu langu ni hili. Mwaka 2009, albamu ilipotimiza miaka 40, Fripp na mwanamuziki Steven Wilson walizichanganya upya kanda zake za asili, na katika kazi hiyo Moonchild ikafupishwa. Fripp huyohuyo, mwenye gitaa lake! Yeye ameona panafaa kukatwa, mimi naambiwa sina masikio?

King Crimson walianza kuirekodi albamu na prodyuza Tony Clarke, wakaachana naye, kazi wakaimaliza wenyewe studio ya Wessex, London. Nadhani hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Hakukuwa na mtu wa nje wa kuwaambia jamani, inatosha.

Nilikuwa nimeshaamua nyota mbili. Lakini naandika huku nimerudisha upande wa kwanza, na wimbo wa Epitaph umeanza, na mkono unasita. Melotroni ni kinanda ambacho kila kibonyezo kinavuta utepe wake wenye sauti iliyorekodiwa, ndiyo maana zile fidla zinatetemeka kidogo kama zinataka kulia. Juu yake Lake, kijana wa miaka 21, anaimba hofu ya dunia ambayo hatima yake iko mikononi mwa wapumbavu. Yalikuwa maneno ya Peter Sinfield, mtunzi wa mashairi wa bendi, wakati mataifa makubwa yakitishana kwa nyuklia. Habari za juzi zimenifanya niyasikie upya kabisa. Anaporudia kwamba anahofia kesho atakuwa analia, mimi sina nguvu ya kubishana na yeyote.

Na lile jalada! Ule uso mwekundu unaopiga kelele ulichorwa na Barry Godber, kijana aliyekuwa akifanya kazi za kompyuta. Alifariki mwaka 1970 akiwa na miaka 24. Kila nikilishika jalada lile namkumbuka, na naona haya kuitukana kazi aliyoipamba.

Basi nyota nne. Hapana, tatu na nusu, maana dakika 10 zile zipo palepale na sitazisamehe kwa sababu ya Epitaph. Bora kuliko zote za roki ya progresivu, hilo nakataa waziwazi. Wimbo mmoja bora kuliko zote, hilo nalikubali hata usiku wa manane. Santuri siuzi. Wewe unayetaka kuanza, tafuta lile toleo lililochanganywa upya 2009, na muuzaji akianza kukupima kwa muziki unaoupenda, chukua hela yako uende duka jingine.