TAHADHARI: giaboksi oto za GM (General Motors) aina ya 700R4 "zilizofanyiwa ovaholi" zinazouzwa mtandaoni kwa Camaro, Chevelle na Nova

Wadau mnaofufua magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini na sabini, iwe mko Marekani, mko Ghuba au mnaagiza kwa kontena, lisomeni hili kabla hamjatuma hela.

Kuna tangazo ambalo maneno yake hayabadiliki sana, muuzaji awe nani: "700R4 oto, ovaholi kamili, inabeba nguvu za farasi 600, inaingia gari lolote la GM bila kubadilisha kitu, bei ya kutupa, lipa kwa Zelle," yaani huduma ya Marekani ya kutumiana hela kati ya akaunti za benki. Picha ni mbili tu. Giaboksi imepakwa rangi ya fedha na imepigwa kutoka juu, sampu (bakuli la oili la chini) haionekani, mdomo wa mbele umefunikwa na toki konveta, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Sehemu zinazofichwa ndizo zinazomtaja mwongo.

Anza na mdomo unaofungwa kwenye injini. 700R4 nyingi zilitoka kwenye Camaro, Firebird na pikapu ndogo za S-10 zenye V6 ya lita 2.8. Matundu ya bolti ya V6 hiyo hayalingani kabisa na ya V8 ya Chevrolet, kwa hiyo giaboksi yake haifungiki kwenye V8 ya 350 hata ukeshe gereji. Dai picha ya mdomo ukiwa wazi, konveta imetolewa. Iliyotoka nyuma ya V6 ya lita 4.3 ni mtego mwingine: hiyo inafunga vizuri kwenye V8, ila ndani iliundwa kwa injini ndogo. Anayekuuzia hiyo kwa farasi 600 bila orodha ya alichoongeza anakupiga changa la macho.

Konveta ikishatoka, hesabu meno ya shafti ya kuingilia. Za mwanzo, 1982 hadi 1984, zina meno 27. Zilizofuata zina 30 na ndizo imara. Mzoefu hanunui ya meno 27 kwa gari lenye nguvu, hivyo matapeli wanaitupia konveta juu na kukwambia ni ya 1988. Zaidi ya hapo, konveta ya meno 30 uliyokwisha kuinunua haiingii kwenye shafti ya 27.

Mwaka wenyewe umegongwa kwenye ukingo wa sampu, upande wa abiria kwa nyuma. Tarakimu ya kwanza ya namba iliyogongwa hapo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa modeli, yaani 7 ni 1987. Angalia 2 na 3: inaweza kuwa 1982 au 1992, 1983 au 1993, na hapo meno ya shafti ndiyo yanayoamua. Ukikuta pamesagwa kwa grainda, achana nayo. Hakuna fundi wa ovaholi mwenye sababu ya kusaga hapo.

Hesabu bolti za sampu pia, maana wapo wanaouza kitu tofauti kabisa. 700R4 ina 16. TH350 na TH400, oto za zamani za GM zenye gia tatu, zina 13 kila moja, na sampu ya TH400 ina umbo la ajabu lenye kona zilizopinda huku na kule. Yenye bolti 11 ni TH200, giaboksi nyepesi iliyotoka 1976, na ndiyo inayouzwa sana kama TH350 kwa wasiojua. 200-4R, oto nyingine ya GM yenye gia nne, nayo ina 16, lakini mdomo wake una matundu ya aina mbili, ya Chevrolet na ya Buick, Oldsmobile na Pontiac. Kwenye 200-4R uongo unakaa kwenye kibati cha utambulisho. Kibati cha BRF, cha Buick Grand National ya 1986 na 1987, kinapandisha bei sana, na kimeshikwa kwa ribiti tu. Ribiti mpya kwenye giaboksi kuukuu ijibiwe kabla ya hela kutoka.

"Inaingia bila kubadilisha kitu" ni uongo wa wazi. Ukitoa TH350 yenye mkia mfupi ukaweka 700R4, propela shafti inakatwa kama inchi 3 na krosimemba (chuma cha chini kinachobeba giaboksi) inarudi nyuma kama inchi 2. 200-4R inaacha propela shafti ilivyo, lakini krosimemba inarudi karibu inchi 7. Na 4L60E, yaani 700R4 ya kielektroniki iliyoanza 1993, inataka kompyuta. Kwenye gari la kabureta bila kompyuta haibadilishi gia ipasavyo hata kidogo.

Sasa ndani. Neno "ovaholi" kwa wauzaji hawa mara nyingi ni sili mpya, gasketi, filta na rangi. Kinachokufa kwanza kwenye 700R4 ni klachi za gia ya tatu na nne. Kiwandani ya V8 iliwekwa pleti 6, na zikipata presha ndogo zinaungua safari moja tu. Cha pili ni gamba la gia ya jua, ambalo meno yake huchunika. Likienda, unapoteza gia ya pili, ya nne na rivasi kwa mpigo. Dai picha zilizopigwa wakati giaboksi imefunguliwa: pleti mpya nje ya dramu, gamba jipya la chuma kilichokomazwa, rota ya pampu, na risiti ya spea yenye tarehe. Kwenye picha mpya za nje kiwepo kikaratasi chenye jina lako na tarehe. Aliyefanya kazi kweli anazo hizo picha za ndani, au atakupa jina la duka alikonunua spea. Asiye nazo ataanza kukulaumu kwa kutomwamini.

Uchezaji wa shafti ya kuingilia uwe kati ya inchi 0.005 na 0.036, kwa geji ya dayali. Muulize alipata ngapi. Akijibu "iko sawa tu", umeshajua.

Warantii nayo ina mlango wa nyuma. Giaboksi ikiungua, muuzaji atasema hukurekebisha kebo ya TV, ile inayotoka kwenye kabureta na kuamua presha ya oili. Mara nyingine atakuwa sahihi, ndiyo maana kisingizio hiki kinawafaa sana. Kabureta za Holley na Edelbrock zinahitaji kiungo cha kurekebisha pembe ya kebo. Pedali ikikanyagwa mpaka mwisho, kebo iwe imevutika mpaka mwisho. Piga picha injini ikiwa imezimwa. Kisha funga geji ya psi 300 kwenye tundu la kupimia presha, upande wa dereva juu ya mkono wa gia, plagi yake ni 1/8 NPT (saizi ya uzi wa bomba ya Kimarekani). Washa injini, rekodi video ya sindano ikipanda kadiri unavyovuta kebo, kabla gari halijatoka gereji.

Fanya hivyo hivyo kwa konveta. Isukume ndani mpaka ikae hatua zote tatu, na ikifungwa giaboksi kwenye injini ibaki nafasi ya inchi 1/8 hadi 3/16 kati yake na flaiwili. Isipobaki, pampu inavunjika ukipiga stata, na hapo huna wa kumlaumu. Safisha kipoza oili na mabomba yake, tunza risiti: chembechembe za giaboksi ya zamani ni kisingizio chao cha pili.

Malipo: Zelle hairudishi. PayPal ya "marafiki na familia" haina ulinzi wa mnunuzi, na muuzaji anayeisisitiza ili "kuepuka makato" anajua hilo vizuri. Tumia kadi ya mkopo. Kwa sheria ya Marekani unaweza kupinga malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kadi itumwe. Wanaonunua kupitia ndugu aliye kule, siku hizo zinaweza kwisha kontena likiwa bado baharini, kwa hiyo huyo ndugu afungue kreti na ahesabu bolti na meno kabla haijapakiwa. Mzigo ukifika umevunjika, andika uharibifu kwenye karatasi ya msafirishaji kabla ya kusaini.

Ukishapigwa, ripoti ic3.gov (ya FBI) na reportfraud.ftc.gov (ya FTC, tume ya kulinda walaji ya Marekani), ukiambatisha tangazo lenyewe, picha na mazungumzo yote. Yahifadhi mapema, maana tangazo hufutwa mara hela inapoingia.