Kabla ya Kuulizia Kamera, Ishike Hiyo Simu

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana: simu ikiwa mezani vijiti vya mtandao vimejaa, ukiipeleka sikioni maneno yanakatika. Fundi anasema ni laini, kampuni ya laini inasema ni simu. Mara nyingi ni kiganja chako.

Kiganja kina maji na chumvi, kinameza mawimbi, na kikiikaribia sana antena kinaivuruga. Simu nyingi antena kuu iko chini, pale pale kidole kidogo kinapoegemea. Ukiwa karibu na mnara huoni tofauti, mawimbi ni ya kumwaga. Ukiwa bondeni au ndani ya nyumba ya zege, upungufu ule ule unakata simu.

iPhone 4 ya mwaka 2010 ilizidisha: fremu yake ya chuma ndiyo ilikuwa antena, na ukiziba mwanya wa pembeni, kushoto chini, mtandao unashuka. Steve Jobs, bosi wa Apple wakati huo, alimjibu mteja kwamba asiishike hivyo. Julai mwaka huo Apple ikagawa kava bure.

Ukienda kununua, chaguo langu la kwanza ni Samsung Galaxy A15, na sifichi kwamba Samsung nawapendelea. Mgongo plastiki, fremu plastiki, na plastiki inapitisha mawimbi. Wanaoidharau wanataka simu ya kuringia. La pili ni A55: fremu ni aluminiamu, kwa hiyo tafuta ile mistari myembamba ya plastiki pembeni, mawimbi yanapita hapo, na usiifunike. La mwisho ni mtumba wa mgongo wa chuma, labda ukipewa kwa bei ya kutupa. Zile za laki na kidogo nyingi ni plastiki; shida zake ni nyingine.

Usihesabu vijiti, kila kampuni inavichora inavyotaka. Weka laini yako, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, usome dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokuwa mbali na sifuri ndivyo mtandao ulivyo dhaifu. Karibu na -85 ni pazuri, -110 ni taabu. Sasa ikumbatie kwa mkono mzima usubiri kidogo. Ikishuka kwa 10, tuseme toka -85 hadi -95, umebaki na sehemu moja ya kumi ya nguvu.

Lakini dukani nani atakuruhusu kuijaribu? Muuzaji anakwambia: "Ukifungua boksi umenunua." Noti zangu anazimulika moja moja kwenye taa, mimi nisikague chake! Muuza maembe ananiacha nibonyeze, huyu wa laki nne anataka nilipie picha ya kwenye boksi. Na akiona umeshikilia msimamo, anakutolea kava ya chuma kama zawadi, kitu kile kile kitakachoiua antena.