Ghala la baridi la uwanja wa ndege baada ya kupanuliwa: uzoefu wangu wa msimu mzima

Nasafirisha waridi, maharage machanga na mrehani kwa ndege. Ghala ninalotumia lilipanuliwa, na nimelipitishia shehena msimu mzima huku nikiweka kirekodi joto katikati ya boksi moja kila safari.

Zamani lori lilifika na nyuzi 3, kisha maboksi yakasubiri zamu ya eksirei ya ukaguzi wa usalama kwenye ukumbi usio na ubaridi. Kirekodi kilipanda hadi 12, mara nyingine 14. Kibaya zaidi, ubaridi uliopotea haurudi kirahisi: chumba cha baridi kinatunza ubaridi tu, boksi lenye joto likishabanwa katikati ya paleti (rundo la maboksi yaliyopangwa pamoja kwa ajili ya kupakiwa) linabaki hivyo mpaka linashushwa upande wa pili. Umande unatanda kwenye petali, ukungu wa kijivu, yaani kuvu inayoozesha maua, unaanza, na mnunuzi anakata malipo.

Sasa lori linarudi kinyumenyume hadi kwenye mlango wenye mpira unaolibana pande zote, na eksirei, mizani na upangaji wa paleti vyote viko ndani ya ubaridi. Kwangu huu ndio upanuzi wenyewe. Ukubwa wa vyumba, ambao wahudumu wanaupigia debe sana, ungenisaidia kidogo mno kama ule ukumbi ungebaki ulivyokuwa.

Kuna pia mashine ya kupoza kwa kunyonya hewa. Maji kidogo kwenye majani yanageuka mvuke na kuondoka na joto, na waridi waliopata moto njiani wanapoa kwa muda wa nusu saa hivi. Nashukuru pia kwamba vyumba vimetenganishwa. Waridi wanataka nyuzi 2 hadi 4, lakini mrehani ukiuweka humo unageuka mweusi. Wangu sasa unakaa kwenye 12. Matunda yanayoiva yamehamishiwa mbali, maana gesi ya ethilini yanayoitoa inazeesha maua.

Kinachoniuma ni hatua ya mwisho. Paleti inatoka ndani ikiwa na nyuzi 3, halafu inakaa juani kando ya ndege ikisubiri kupakiwa. Mablanketi ya kuzuia joto yapo, ila hufunikiwi mpaka uombe. Yangepaswa kuwa sehemu ya huduma kwa kila shehena inayoharibika haraka. Nimeliandikia ghala mara mbili kuhusu hili. Kwa sasa nampigia simu msimamizi wa zamu kila paleti yangu inapokaribia kutoka.