Cheni ya 415H kwenye baiskeli ya injini: uzoefu wangu

Baiskeli yangu ina injini ndogo ya mapigo mawili, zile zinazouzwa kama seti nzima: injini, tangi, kabureta, sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linaloshika cheni) yenye meno 44 na cheni ya 415. Karibu seti yote imeniridhisha. Cheni ndiyo niliyoitoa nikaweka 415H, na baada ya kuiendesha kwenye lami, vumbi na vilima, naipendekeza kwa yeyote mwenye injini ya aina hii.

Nianze na namba, maana hapo ndipo wengi huuziwa kisichofaa. Ile 4 ya mwanzo inataja umbali wa pini hadi pini kwa sehemu za nane za inchi: 4/8, yaani nusu inchi, au milimita 12.7. Tarakimu mbili zinazofuata zinahusu upana wa ndani, pale jino la sproketi linapoingia. 15 ni 3/16 ya inchi, kama milimita 4.8. 20, kwenye cheni ya 420, ni robo inchi, kama milimita 6.35. Herufi H inaashiria mabamba ya pembeni yaliyo manene zaidi, ila nafasi ya jino na umbali wa pini havibadiliki. Ndiyo maana 415H inakaa kwenye sproketi zilezile za seti.

Cheni ya kawaida ya pedali nayo ni nusu inchi pini hadi pini, na hilo linawadanganya watu. Upana wake wa ndani ni 1/8 ya inchi tu; jino la sproketi ya 415 haliingii humo. Usipoteze hela yako.

Cheni iliyokuja na seti haikukatika, ilirefuka. Nilikuwa naikaza, baada ya muda mfupi inaning'inia tena. Chuma chenyewe hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na bushi yake, yaani kibomba kinachoizunguka, ndani ya kila kiungo, na ulaji huo mdogo ukijumlishwa kwenye cheni nzima unakuwa urefu unaouona kwa macho. Sproketi ya injini ina meno 10, kwa hiyo kila kiungo kinapoipanda hujikunja digrii 36. Kwenye ile ya nyuma hujikunja digrii 8 na kitu. Kazi nzito basi inafanyika mbele, chini ya kifuniko, mahali ambapo wengi hawafungui kutazama. Ukitaka kujua hali ya cheni yako, inyooshe upime viungo 24: ikiwa mpya ni milimita 304.8. Ikikaribia 308 imeshazidi asilimia moja, na mimi hapo naitoa kabla haijayachongoa meno ya sproketi.

Nilipoitoa ile ya zamani niliipitisha vidoleni, kiungo kimoja kimoja. Vingi vilianguka vyenyewe, vichache vikabaki vimesimama mpaka nivisukume kwa dole gumba. Hivyo vigumu ndivyo vilivyokuwa vikigonga kila vilipopita kwenye sproketi ya mbele. Nilifanya vivyo hivyo na 415H kabla ya kuifunga na sikukuta hata kimoja. Sasa injini ikipanda kilima nasikia mlio wa injini tu.

420 nimeijaribu pia. Rola zake, vile vibomba vinavyokaa kati ya meno ya sproketi, zina kipenyo kilekile, hivyo inazunguka bila shida, na kwa kuwa pikipiki nyingi ndogo huitumia, ni rahisi kuipata. Lakini ile milimita moja na nusu ya ziada inaifanya icheze pembeni juu ya meno membamba, na nafasi kati ya cheni na tairi ni finyu tayari. Ningeichukua pale tu ambapo 415H imekosekana.

Hata hivyo 415H haitakusaidia kama sproketi haziko kwenye mstari mmoja. Ya nyuma kwenye seti hizi hubanwa kwenye spoki kwa raba na bolti 9. Ukikaza bolti za upande mmoja kwanza, inakaa upogo. Kaza kwa kuvuka, bolti moja kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo, kisha zungusha gurudumu polepole ukiangalia kutoka nyuma. Kapi ya kukazia cheni naiogopa kweli: bolti yake ikilegea, inaweza kugeuka kwenye fremu ikaingia kwenye spoki na gurudumu likafunga ukiwa mwendoni. Mimi nilipunguza viungo hadi kapi ikawa inaigusa cheni kwa mbali, haibebi mzigo. Uchezaji wa cheni juu na chini nauacha milimita 12 hadi 15, nao naupima sehemu kadhaa za mzunguko, kwa sababu sproketi ya nyuma mara nyingi haiko katikati kabisa. Sehemu inayokaza zaidi ndiyo ya kufuata.

Klipu ya kiungo cha kuungia iwekwe upande wake uliofungika ukitazama kule cheni inakokwenda.

Lawama yangu kwa 415H ni moja: ikiwa mpya inalegea kidogo mwanzoni, kwa hiyo beba spana siku za kwanza. Baada ya hapo yangu imetulia, nami naipaka tu oili nyepesi upande wa ndani, injini ikiwa imezimwa.